Kabla ya Mbiu Kupigwa

Lori la Baraza lilishusha mzigo wake kando ya skuli ya Mzambarauni saa ya adhuhuri, jua likiwa utosini, na watu waliokuwa wakipita hawakuligeuzia hata shingo. Lori la serikali kushusha vitu si habari. Lakini Mwatumu binti Mbwana, aliyekuwa akirudi sokoni na kapu lake la mihogo kichwani, alisimama. Aliwatazama vibarua wakibwaga boriti chini, kisha matita ya fito, kisha boriti tena, mpaka lori likawa tupu na kuondoka likiacha moshi wake njiani. Mbao hazikuwamo. Hata moja.

Shingo ilikuwa ikimuuma kwa uzito wa kapu, lakini hakuondoka. Mabati hutaka mbao na misumari. Fito hutaka makuti. Na mwezi uliopita si alikuja bwana afya kutoka Tanga, akalichokoa paa la skuli kwa fimbo yake, vumbi la mchwa likamwagikia kofia? Watoto walicheka siku nzima. Basi Baraza limekwisha nunua mifupa, nyama bado. Masika hayako mbali. Makuti yatanunuliwa, na yatanunuliwa kwa Zubeiri, kama miaka yote. Naye Zubeiri atapita mlango kwa mlango kuwaambia wanawake bei anayoitaka yeye, nao watapokea, kwa kuwa mwenye njaa hana bei.

Alifika nyumbani amelowa jasho. Mumewe, Idarusi, alikuwa ameketi barazani akijaribu kusokota kamba kwa mkono mmoja na vidole vya mguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kidole gumba tu. Vile vingine vilikwenda na korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, huko shambani, naye akarudishwa nyumbani na fidia iliyokwisha kabla kidonda hakijapona.

"Skuli itaezekwa upya," alisema Mwatumu, akitua kapu.

"Nani kasema?"

"Hapana aliyesema. Nimeona."

Akamweleza. Idarusi alisikiliza bila kuacha kamba yake, kisha akatikisa kichwa.

"Boriti zaweza kuwa za choo cha soko."

"Choo gani kinachotaka fito zote zile, Idarusi? Wanajenga choo au msikiti?"

"Serikali haina haraka, mke wangu. Boriti zitalala pale mpaka ziote kuvu, na wewe utakuwa umeketi na makuti yako ukiyaimbia."

"Hata sijasema nitashona."

"Umekwisha kusema. Nakuona usoni."

Nyumba ile ilikuwa na mpangaji, kijana wa Kibondei aitwaye Abrahamu, karani mdogo wa Baraza. Majirani walinong'ona alipoingia, wakisema vipi nyumba ya Kiislamu itamweka Mkristo chumba cha uani; lakini watoto wa Mwatumu walikuwa wameolewa mbali, na kodi ya kijana ndiyo iliyoleta unga na mafuta ya taa, na majirani hawakuleta. Mwaka wa pili sasa. Alikuwa mpole, mwenye kula polepole, na kila mwisho wa mwezi alimpelekea mama yake, Beatrisi, fedha Muheza kabla hajajinunulia hata sabuni.

Jioni ile walipokaa kula, Idarusi, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akauliza: "Ati mwanangu, zile boriti za skuli, mtazipandisha lini?"

Abrahamu alilirudisha tonge sahanini. Alitazama chini kama mtoto aliyekamatwa na kosa la mwenzake.

"Baba, ya pale yabaki pale. Niliapa. Tafadhali usiniulize."

"Hakuulizi," alidakia Mwatumu. "Kula mwanangu. Na wewe Idarusi, katika nyumba hii jambo hilo lisitajwe mbele yake tena. Nasema lisitajwe."

Na halikutajwa.

Makuti hayashonwi na mtu mmoja. Asubuhi yake Mwatumu alikwenda kwa Mboni, jirani yake, mjane mwenye watoto watatu na mdomo mkali. Hakumficha kitu. Alimwambia alichokiona na anachokidhani, na kwamba malipo yatakuja Baraza litakapolipa, si kabla.

"Na lisiponunua?"

"Tutakuwa tumechoka bure."

Mboni alicheka. "Hilo nimelizoea. Nani mwingine?"

Wakawapata wengine, baadhi yao mjini, baadhi vijiji vya jirani. Mwenye shamba la minazi alikubali waokote makuti makavu chini ya minazi yake kwa sharti wamfyekee magugu, basi wakafyeka kwanza, migongo ikilia, ndipo wakaokota. Wakayaloweka majani, wakayakunja juu ya papi, vile vijiti virefu vyembamba, wakayashona kwa ukamba mpaka ncha za vidole zikafanya malengelenge, yakapasuka, yakafanya sugu. Kila aliyemaliza fungu alilileta ua wa Mwatumu. Idarusi ndiye aliyeyapanga, akiyabeba kwa kifua na kigasha kama mtu anayembeba mtoto, na ole wake mwanamume aliyepita pale na sigara.

Siku zikaenda. Kando ya skuli boriti zililala kama zilivyolala, mbuzi wakaanza kuzipanda. Mwanamke mmoja wa kijijini alikuja kudai mafungu yake ayauze kwingine, akapewa. Siku moja Zubeiri mwenyewe, mtu mnene mwenye koti la khaki na duka mbele ya soko, alipita njia ya mbele akaona rundo lilivyopanda juu ya ua.

"Mnaezeka mbingu?" aliuliza, akacheka, akaenda zake.

Mboni alitupa sindano chini. "Shoga, mie nacheka na mtu akinicheka kwa haki. Huyu leo amenicheka kwa haki."

Mwatumu aliiokota sindano, akamrudishia. Usiku hakuwa akilala vizuri, na mchana alikuwa akishona. Hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu, achilia mbali na mtu aliyesema kweli.

Mbiu ilipigwa siku ya soko. Mpiga mbiu alisimama penye njia panda, akapuliza pembe yake, akatangaza kwamba Baraza linataka makuti ya kuezekea skuli, yote yawe yamefika kabla ya masika. Mwenye kuyaweza aandike bei yake, aifunge katika bahasha na kuitia sandukuni bomani kabla ya Alhamisi. Mwatumu alikuwa akinunua chumvi. Akajishika kwenye meza ya mchuuzi.

"Una nini, bibi?"

"Sina kitu. Nipe chumvi yangu."

Hakumwomba Abrahamu amwandikie, wala Abrahamu hakujitolea. Siku ile kijana alikula haraka, akaingia chumbani mwake. Mwatumu alikwenda kwa Shekhe Haji, mwalimu wa chuo cha Kurani, naye akamwandikia kwa herufi za Kiarabu, kama watu wa pwani walivyoandikiana tangu zamani, kwa mwandiko mzuri unaolala kama nyasi zilizopepewa. Bei aliyotaja ilikuwa chini ya ile ambayo Zubeiri huliuzia Baraza, na ilikuwa zaidi ya maradufu ya ile ambayo Zubeiri huwalipa wanawake.

Zubeiri naye alipanda lori lake, akaenda vijijini kama ilivyo desturi yake. Mlango wa kwanza walipomwambia hapana, alidhani ni ukaidi. Wa pili na wa tatu wakamwambia vilevile: makuti tumeshona, lakini ni ya Mwatumu. Alirudi mjini jioni na lori tupu, na hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwatumu.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, Bwana Zubeiri. Kaa kitako."

Hakukaa. "Bibi, nimekuja kukupunguzia taabu. Nayachukua yote. Nakuongezea na thumuni juu ya bei yangu ya siku zote."

"Ahsante. Nimekwisha tia bahasha yangu."

"Bahasha?" Aliyaangalia makuti, akamwangalia Idarusi, kisha macho yake yakatua kwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani mwa chumba cha uani. Aliikazia macho muda mrefu kuliko alivyoyatazama makuti. "Kumbe karani wa Baraza analala hapa."

"Ni mpangaji wetu."

"Naam," alisema Zubeiri taratibu. "Mpangaji."

Siku ya kufungua bahasha Mwatumu alivaa kanga mpya ya kuazima. Wanaume walikaa ndani ya boma juu ya mabenchi. Yeye aliachwa mlangoni, viatu mkononi, mpaka alipoitwa. Liwali, mzee mwenye mguu uliovimba, aliketi mbele ameuegemeza juu ya kigoda. Abrahamu alikuwa kwenye meza ndogo pembeni akiandika yanayosemwa.

Karani mkuu alifungua bahasha ya Zubeiri, akasoma. Akafungua ya pili, akaigeuza juu chini, chini juu.

"Hii ni tenda au hirizi?"

Watu walicheka. Mzee mmoja wa Baraza akainyakua, akaisogeza mbali na macho, akaisoma kwa sauti. Bei ilipotajwa kicheko kilikatika.

"Mwenye bahasha hii ni mwanamke," alisema mjumbe mmoja. "Hana mume?"

Idarusi alisimama kule nyuma, mkono wake mbovu ameuficha ndani ya kanzu. "Mume ni mimi. Makuti ni yake."

Hapo ndipo Zubeiri aliponyanyuka. Hakupiga kelele, alisema kwa masikitiko, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba.

"Waheshimiwa, mie nimezunguka vijiji vyote, hakuna kuti la kununua. Wanawake walianza kushona zamani, kabla mbiu haijalia. Nauliza tu: nani aliyewaambia? Na nauliza tena: huyu karani anayeandika hapa, anakula na kulala nyumba ya nani?"

Kalamu ya Abrahamu ilisimama. Watu wote waligeuka kumtazama.

"Ulimwambia?" aliuliza Liwali.

"Sikumwambia, Bwana Liwali. Wallahi..." Akakumbuka kwamba kiapo hicho si chake, akanyamaza. Mtu mmoja alicheka kidogo.

"Bibi. Nani aliyekwambia?"

"Lori, bwana," alisema Mwatumu.

Kicheko kilijaa chumba. Alingoja kiishe, akaeleza: boriti, fito, mbao zisizokuwamo, bwana afya na fimbo yake. Alikuwa ameyasema vizuri zaidi nyumbani. Pale mbele ya macho yale yote maneno yalimtoka moja moja, makavu, hata yeye mwenyewe akayasikia kama uongo. Mzee aliyesoma bahasha aliitikia kwa kichwa. Mwingine akasema, "Basi tumweke atutabirie na mvua."

Liwali alijisugua goti kwa muda.

"Mie naweza kukuamini, bibi. Lakini mie si mwisho wa njia. Neno limesemwa mbele ya watu. Nikikupa kazi hii, Bwana Zubeiri atapeleka mashtaka Tanga, na mimi itanipasa niandike. Nikiandika, kijana huyu atakaa nyumbani bila mshahara mpaka majibu yarudi, na sijui yatarudi lini. Nimeona mengine hayakurudi kabisa. Ukijitoa kwa hiari yako, hapana mashtaka, hapana la kuandika. Fikiri. Kesho saa nne nataka jibu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyekwisha yasema mengi ya namna ile na anataka kwenda kulaza mguu wake.

Mwatumu na Idarusi walirudi nyumbani. Abrahamu alifika baadaye, akaingia chumbani, na mara wakasikia sanduku lake la bati likiburutwa.

"Ninaondoka mama," alisema kijana, Mwatumu alipokwenda kusimama mlangoni. Alikuwa akikunja shati, akilikunjua, akilikunja tena. "Nitaacha kazi mwenyewe. Wewe chukua tenda yako. Ni haki yako."

"Na Beatrisi atakula haki yangu?"

Kijana aliketi juu ya sanduku, akajifunika uso.

Barazani Idarusi alikuwa akifoka. "Usijitoe! Kosa gani? Tangu lini macho yamekuwa wizi? Mimi nilikatwa vidole nikanyamaza. Nyamaza tena, nyamaza tena, mpaka lini?"

Mboni alikuja kabla jua halijatua. Habari ilikwisha mfikia. Hakuketi. Alinyoosha mikono yake yote miwili mbele ya Mwatumu, viganja juu.

"Tazama. Mie sikuja kugombana. Kijana wa watu namwonea huruma. Lakini mimi sina karani nyumbani kwangu, nina watoto watatu niliowaambia wangoje. Na wenzangu kule vijijini waliwaambia watoto wao hivyohivyo. Utatuambia nini, shoga?"

"Sijui."

"Basi jua," alisema Mboni, na machozi yakamtoka kwa hasira. "Wewe ndiye ujuaye kabla ya watu."

Neno lile lilimchoma Mwatumu kuliko kicheko cha mbele ya Liwali. Mboni alipoondoka, yeye alikwenda kukaa uani, mgongo ameuegemeza kwenye rundo la makuti. Aliona uchovu ule ambao hauishi kwa kulala. Alikuwa amewaza kwamba kuona mapema ni nusu ya kupata. Sasa aliona kwamba kuona mapema bila mlango wa kupitia ni kama mgonjwa kujua siku ya kufa kwake. Kijana alikuwa akilia polepole chumbani, mumewe akigombana na hewa. Akayapapasa makuti. Makavu, mazito, yameshonwa sawasawa. Akijitoa yeye, tenda ni ya Zubeiri. Lakini makuti hana, na Baraza linayataka kabla ya masika.

Aliwaza hivyo mara ya kwanza bila kutikisika. Mara ya pili akasimama.

Asubuhi alikuwa dukani kwa Zubeiri kabla milango haijafunguliwa yote. Zubeiri alimwona, akamwacha asimame. Akamuuzia mtu sukari, akamuuzia mwingine mafuta, akapima kitambaa polepole, akakipima tena. Mwatumu alisimama kando ya gunia la kunde kama mwombaji wa Ijumaa, na watu aliofahamiana nao walimsalimu bila kumwuliza anangoja nini.

"Enhe, bibi," alisema Zubeiri mwishowe. "Umekuja kuchukua thumuni yangu?"

"Nimekuja kujitoa. Lakini kwa masharti."

"Mwenye kujitoa ana masharti?"

"Bei yangu si ile ya siku zote. Nataka shilingi nne kwa makuti mia, taslimu, kabla kuti halijaondoka uani."

Zubeiri alipiga kofi mezani. "Unaniibia mchana! Nitakuwa nimebakiwa na nini?"

"Utabakiwa na kitu. Kidogo, lakini ni kitu. Na utakwenda nami kwa Liwali saa nne, useme mbele ya watu walewale kwamba hukuwa na ushahidi juu ya kijana."

"Na nikikataa?"

"Nenda katafute makuti, Bwana Zubeiri. Labda Pangani yapo. Uyasafirishe, uyavushe, mvua ikukute njiani. Mimi yangu nitayalalia." Akaiweka sawa kanga yake begani. "Nilikwisha zoea kuchoka bure. Wewe hujazoea."

Zubeiri alimtazama. Pengine aliona kwamba mwanamke yule hakuwa akimtisha. Alikuwa amechoka tu, na mtu aliyechoka hivyo hapindiki.

"Nne na kuyabeba juu yako," alisema.

"Lori ni lako."

Zubeiri akasonya, akachukua koti lake.

Mbele ya Liwali mambo yalikwenda upesi. Mwatumu alisema amejitoa. Zubeiri alisema kwa upande wa karani alitamka kwa ghadhabu, hana ushahidi. Liwali aliuliza kama kuna mwenye neno, hapakuwa na mwenye neno. Lakini watu walipokuwa wakitoka alimwita Abrahamu karibu, akamwambia kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo Mwatumu aliisikia: "Hama nyumba ile. Leo. Mimi nikikulinda mara moja, siwezi mara mbili."

Wanawake walilipwa pale uani, kila mmoja kwa mafungu yake, na lile lililozidi kuliko kawaida yao ndilo lililowafanya wakae kidogo wakizungumza badala ya kukimbilia majumbani. Mboni alizifunga fedha zake kwenye pindo la kanga. Kisha akachukua ufagio, akaanza kuufagia ua wa Mwatumu uliojaa taka za majani. Kilichombakia Mwatumu mwenyewe hakikupita sana cha wenzake. Alikuwa amewazia kuezeka upya nyumba yake, ambayo jikoni ilivuja. Akaiacha ivuje mwaka mwingine.

Abrahamu alihama jioni ile. Idarusi alimbebea ncha moja ya sanduku kwa mkono wake mzima mpaka barabarani, wakapeana mikono. Chumba cha uani kikakaa kitupu. Waliokuja kukiuliza walitaka kwa bei ya chini, na mmoja alikuwa mlevi.

Skuli ikaezekwa. Masika yakaja, makuti hayakupitisha tone. Watu walimsifu Zubeiri kwa kazi nzuri.

Mvua zilipokuwa zikipungua, Mwatumu alikutana na Abrahamu kwenye njia ya soko. Alikuwa akija na makarani wenzake wawili, amevaa suruali nyeupe. Alimwona kwa mbali, na Mwatumu akaona hatua zake zikipungua, kisha zikakazana.

"Shikamoo," alisema, macho chini, kama kijana yeyote anavyomwamkia mama yeyote njiani.

"Marahaba. Mama hajambo, Muheza?"

"Hajambo." Alikuwa amekwisha mpita. "Ameanza kupata nafuu."

Mwatumu hakuwa amejua kwamba Beatrisi alikuwa akiumwa. Alisimama, akageuka, lakini vijana walikuwa wamekwisha fika mbali, na mmoja wao alikuwa akicheka kitu kingine kabisa.

Alipofika nyumbani alimwambia Idarusi kwamba amemwona kijana.

"Amekonda?" aliuliza Idarusi.

"Sikumtazama sana."

Idarusi alingoja kama atasema zaidi. Mwatumu alijifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni kuinjika chungu.